Omba Upandishwe Kitandani: Jinsi ya Kwenda Hospitali Ukiwa kwenye Kitimwendo

Ukiingia chumba cha daktari ukiwa kwenye kitimwendo, cha kwanza omba kitanda. Sema mapema, kabla hajaanza kuandika: "Daktari, naomba nipandishwe kitandani unipime." Wengi wetu tunasikilizwa kifua tukiwa tumekaa, tunaulizwa maswali mawili matatu, tunaandikiwa dawa na kusukumwa nje. Lakini kwa sisi tuliopooza, sehemu inayotuangamiza ni ile tunayoikalia. Kidonda cha makalio huanza kama doa tu. Hakiumi kwa sababu hatusikii, kinachimba polepole mpaka kwenye mfupa, na vijidudu vikishaingia kwenye damu mtu anaweza kufa. Hakuna daktari atakayekiona wakati umekikalia.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mafinga. Nilivunjika mgongo kwenye ajali ya lori upande wa mashamba ya chai, pingili ya tano ya kifua, na tangu hapo chini ya matiti sisikii kitu. Baada ya ajali nimeolewa na nimezaa. Ninaandika kwa ajili ya mwenzangu aliyeko Igowole, Makete, Kilolo au Rungwe, na kwa ndugu zake wanaombeba, maana ninawajua watu wanaokaa na homa nyumbani siku nyingi kwa kuwa safari ya hospitali inawatisha kuliko homa yenyewe. Kamwene, ndugu zangu.

Anza na daftari

Tafuta daftari dogo linaloingia kwenye mfuko wa kiti, lisitoke humo. Ukurasa wa kwanza andika umeumia pingili ipi na mwaka gani, dawa unazotumia na kiasi chake, dawa inayokudhuru, ukubwa wa mpira wako wa mkojo na tarehe uliyobadilishwa, na namba ya simu ya mtu anayeujua mwili wako. Kama mgonjwa ni mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, andika kwa herufi kubwa kwamba glavu na mipira ya lateksi inaweza kumletea mzio mkali. Watoto hawa wanapata mzio huo kuliko wengine kwa sababu wanapasuliwa na kuwekewa mipira tangu wachanga. Wauguzi waambiwe kabla hawajamgusa, watafute glavu za aina nyingine.

Andika na uzito. Mizani ya hospitali nyingi ni ya kusimama, kwa hiyo sisi tunakadiriwa kwa macho, na ziko dawa nyingi, hasa za watoto na za usingizi wa upasuaji, ambazo hupimwa kwa kilo. Mimi naenda kwa mfanyabiashara wa mahindi na viazi mwenye mizani ya chini ya kupimia magunia. Vijana wake wananipandisha nikiwa kwenye kiti, tunaandika namba. Kisha ninahamia kwenye benchi, kiti kinapimwa peke yake pamoja na mto wake, tunatoa. Inachukua muda mfupi na hawajawahi kunidai hela. Kwa mtoto ni rahisi zaidi: mama apime akiwa amembeba, halafu apime bila mtoto.

Kisha presha yako ya siku za kawaida, ile ya siku ambayo huumwi. Kama uliumia pingili ya sita ya kifua au juu zaidi, mpaka shingoni, naomba sehemu hii uisome na mtu wa nyumbani mwako. Presha yetu mara nyingi iko chini, 90 kwa 60 si ajabu. Sasa likitokea jambo chini ya pale ulipoumia (kibofu kimejaa, mpira umejikunja, choo kimekwama, ukucha wa mguu umeota ndani), mwili unalalamika bila wewe kusikia maumivu, na presha inapanda ghafla. Kichwa kinagonga, uso unawaka, jasho linatiririka usoni na shingoni wakati miguu imepoa. Nesi akipima akakuta namba ya juu ni 130 atakwambia iko sawa, kwa kuwa kwa mtu mwingine ingekuwa sawa. Kwako haiko sawa. Ikizidi presha yako ya kawaida kwa 20 hadi 40 tayari ni dharura, na ikiachwa inaweza kuleta degedege au kupasua mshipa kichwani.

Ikikutokea, usilale. Kaa wima, miguu ining'inie, legeza mkanda, sidiria na viatu. Mtu aufuate mpira kwa vidole kuanzia mwilini mpaka kwenye mfuko, aone kama umejikunja, umekaliwa au umeziba. Kama hutumii mpira wa kudumu, toa mkojo hapohapo. Isipotulia haraka, nenda hospitali ukiwa umekaa, hata kama dereva anasema ukilala ndiyo utapumzika. Katika daftari langu, chini ya jina, nimeandika kwa kalamu nyekundu: "Presha yangu ya kawaida ni 95/60. Nikiumwa kichwa ghafla na kutoka jasho, angalieni kibofu kwanza." Mistari hiyo miwili inafanya kazi hata siku ambayo mimi mwenyewe siwezi kusema.

Shuka la kubebea

Tunabebwa vibaya, na wanaotubeba wanatupenda. Mmoja anaingiza mikono kwapani, mwingine anashika miguu, katikati mwili unaning'inia, na makalio yanaburuzwa kwenye ukingo wa kitanda au kwenye chuma cha bajaji. Kwa mtu asiyesikia, mburuzo mmoja unatosha kuchana ngozi. Bega nalo linateguka, na bega la mtu wa kitimwendo ndiyo miguu yake.

Kwa kuwa kazi yangu ni kushona, nimejishonea shuka la kubebea na nimewashonea wenzangu. Fundi yeyote anaweza. Tumia jinzi nzito au turubai la pamba. Nailoni usitumie, inateleza na inatunza jasho. Urefu uanzie kisogoni mpaka nyuma ya magoti. Mtu wa kimo cha wastani ni kama mita 1.2. Upana sentimita 80 au 90. Nunua utepe mgumu ule wa mikanda ya mabegi, ukate vipande vitatu, na kila kimoja kipite chini ya kitambaa chote kutoka ukingo mmoja hadi wa pili: kimoja usawa wa mabega, kimoja usawa wa nyonga, kimoja usawa wa mapaja. Usishone vishikio pembeni tu, vitachomoka. Uzito unatakiwa ubebwe na utepe wenyewe. Kila mwisho wa utepe uache kitanzi cha kuingia mkono wa mwanamume, hivyo vinakuwa vishikio sita. Pale utepe unapotoka kwenye ukingo, shona mraba kisha pitisha msalaba ndani yake, rudia mara mbili. Mishono yote iangalie chini, upande wa mgonjwa uwe laini kabisa. Kabla hujambeba mtu, pakia gunia la mahindi lenye uzito kuliko yeye, linyanyueni, mlitikise.

Kumwekea mgonjwa aliyelala, mgeuze ubavu, kunja nusu ya shuka nyuma ya mgongo wake, mrudishe upande wa pili, vuta. Ni vilevile wauguzi wanavyobadilisha mashuka ya kitanda chenye mgonjwa. Wabebaji wawe wanne, mmoja tu ndiye ahesabu. Wanyanyue kwanza, wakishaona makalio yameachana na kitanda ndipo wasogee. Akishakaa kwenye kiti au kwenye gari, shuka litolewe. Kukalia mikunjo na utepe saa nzima ni kutafuta kidonda kingine.

Shuka hili limeniondolea woga wa vitanda virefu. Nikiambiwa "kitanda chetu kiko juu, utapimwa hapohapo," ninalitoa mgongoni mwa kiti, ninaomba watu wanne.

Njia ya kutoka Mafinga kwenda Iringa

Kama tatizo si dharura, anzia kwenye kituo chako au hospitali ya wilaya upate barua ya rufaa. Kwetu ngazi zinakwenda Hospitali ya Mji Mafinga, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Iringa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ziko pia za mashirika ya dini ambazo watu wa nyanda hizi wanazitegemea, kama Ikonda kule Makete, Tosamaganga na Ilula. Kokote uendako, piga simu au tuma mtu aulize vitu vitatu: kliniki ya daktari unayemtaka ni siku gani, inafanyika ghorofa ya ngapi, na choo ambacho kitimwendo kinaingia kiko wapi. Hilo la ghorofa wengi hawaliulizi mpaka wafike chini ya ngazi.

Mafinga hadi Iringa ni kama kilomita 80. Ongea na konda kabla abiria hawajajaa, umwambie unahitaji siti ya mbele na dakika chache za kupanda. Kiti kikipandishwa juu ya keria, toa mto na vikanyagio vya miguu ubaki navyo, ndivyo vinavyodondoka. Mto wa kiti ukalie humohumo ndani ya kosta. Siti za magari zina vyuma chini ya sponji. Kila nusu saa egemea mbele kifua kikaribie mapaja, au lalia upande mmoja kisha wa pili, dakika moja au mbili kila upande, damu ipite.

Maji unywe. Najua kwa nini hatunywi siku ya safari, tunaogopa kulowa mbele za watu. Lakini mkojo ukiwa mzito mpira unaziba na vijidudu vinazaliana, unafika kwa daktari na ugonjwa wa pili. Mwaga mfuko kabla ya kuondoka, beba chupa yenye mdomo mpana na kanga ya kujifunika, mwaga tena gari likisimama. Wanaotoa mkojo kwa mpira wa kuingiza na kuchomoa, ratiba ni mara nne hadi sita kwa siku, na safari haiifuti.

Halafu baridi. Juni na Julai hapa Mufindi asubuhi kuna ukungu na mtu anatoka nyumbani anatetemeka. Jifunike blanketi, vaa soksi mbili, lakini usiwekewe chupa ya maji moto miguuni wala usisogezwe karibu na jiko la mkaa. Nimeona mguu ulioungua mpaka malengelenge yakapasuka na mwenyewe anaendelea na mazungumzo. Kwa ndugu mnaotuhudumia: pasheni moto chumba kabla hatujaingia, jiko litoke nje na hewa ibadilike, ndipo mtuingize.

Ukishuka Ipogolo, mji uko juu mlimani na bajaji ndiyo usafiri wetu. Isimame mahali tambarare, kiti kiwe kimefungwa breki, kimekaa kwa mshazari karibu kabisa na siti. Makalio yatangulie, miguu ifuate. Dereva anayekuelewa chukua namba yake. Mimi mjini Iringa nina wangu mmoja, sipandi bajaji ya mwingine labda yeye awe anaumwa.

Malipo

Usiende dirisha la malipo kwanza. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa wako inayoeleza hali yako ya kipato. Sera ya afya ya nchi ina misamaha kwa makundi maalumu, na afisa ustawi ndiye anayethibitisha asiyejiweza. Barua hiyo iombe ukiwa mzima, uiweke ndani, kwa sababu siku ya homa mtendaji atakuwa yuko kwenye mkutano. Kuwa na ulemavu peke yake mara nyingi hakutoshi kukusamehe, wanaangalia uwezo, kwa hiyo eleza kipato chako kwa ukweli. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na inaweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Muulize huyohuyo afisa ustawi jina lako linaingiaje na kwa kifurushi kipi. Kama bado uko nje ya bima yoyote, shughulikia hilo mwezi huu.

Ndani ya chumba

Daktari atamsalimia dada yako anayekusukuma na kumuuliza, "Anasumbuliwa na nini?" Jibu wewe. Mimi huwa nasema kwa sauti ya kawaida, "Mgonjwa ni mimi, daktari, naomba nikueleze." Dada yangu anajua kusogea nyuma hatua moja hapo. Kama kuna jambo la faragha, mwombe aliyekuleta akae nje. Una haki ya chumba chenye wewe na daktari tu, kama mgonjwa mwingine yeyote.

Usikubali kila kitu kitupiwe mgongo. Ulikuja na homa, omba upimwe malaria na mkojo, kifua kisikilizwe. Kuhusu mkojo, mweleze kwamba ukitumia mpira wa kudumu vijidudu karibu kila mara vitaonekana kwenye kipimo, na kinachotakiwa kutibiwa ni dalili: homa, miguu kukakamaa kuliko kawaida, jasho, mkojo kuvuja pembeni ya mpira. Wenzetu wengi wamemezeshwa antibayotiki kila mwezi kwa ajili ya karatasi ya maabara, na siku ya ugonjwa wenyewe dawa hazifanyi kazi tena.

Ukiwa kitandani, ugeuzwe mwili, daktari aangalie sehemu nne: mkiani mwa mgongo, mifupa miwili ya kukalia, nyonga za pembeni, na visigino. Sisi watu weusi doa halionekani jekundu, linakuwa jeusi zaidi au la zambarau. Kwa hiyo macho hayatoshi. Apapase kwa mgongo wa mkono: pakiwa na joto kuliko pembeni, pagumu au palaini kama tunda lililobonyea, kidonda kimeshaanza chini ya ngozi. Nyumbani fanya hivyo kila jioni kwa kioo cha mkononi. Ukiona doa, usilikalie kabisa mpaka lipotee, hata kama kuna harusi. Na ukilala, ugeuzwe kila baada ya saa mbili.

Kabla ya kukatwa, kuchomwa au kufungwa kizazi, lazima ueleweshwe na ukubali wewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unalisema hilo katika ibara ya 25: huduma zenye ubora uleule wanaopewa wengine, kwa ridhaa ya mwenyewe baada ya kuelezwa, na karibu iwezekanavyo na anapoishi, vijijini vikiwemo. Nyumbani tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Huhitaji kuikariri. Jina lake na mwaka wake vinatosha kubadilisha sauti ya mtu anayezungumza na wewe.

Ukiwa mjamzito

Katika kituo kimoja nesi aliniangalia tumbo, akaangalia kiti, akaniuliza mbele ya foleni, "Nani kakufanyia hivi?" Nilimjibu kwamba nina mume na nimekuja kliniki ya wajawazito kama hao wengine. Ninalieleza kwa sababu dada wengi wanaacha kliniki kwa swali kama hilo, na mimba ya mwanamke aliyepooza ndiyo inayohitaji kliniki mapema kuliko ya mtu mwingine.

Yako haya ya kuyajua. Maambukizi ya mkojo yanaongezeka, kwa hiyo maji na usafi wa mpira viwe vya bidii. Uzito ukiongezeka, mto ule wa zamani haukubebi tena vizuri na vidonda vinakaribia. Unaweza kuhitaji kiti kipana zaidi. Kama uliumia juu ya pingili ya kumi ya kifua, huenda usiyasikie maumivu ya uchungu. Mimi nilifundishwa kuweka viganja tumboni asubuhi na jioni kuanzia miezi ya mwisho mitatu: tumbo likikaza kama ngumi, likalegea, likakaza tena kwa mpangilio, uchungu umeanza hata kama husikii. Uchungu unaweza pia kukujia kwa sura nyingine, pumzi kukata, miguu kurukaruka, kichwa kuuma.

Kupooza peke yake si sababu ya kupasuliwa. Mji wa mimba unajikaza wenyewe, na wengi wanajifungua kwa njia ya kawaida. Lakini ile presha ya ghafla niliyoieleza juu inaweza kuja wakati wa uchungu, na wasioijua wanaiita kifafa cha mimba. Tofauti moja kubwa ya kuwaonyesha: ya kwetu hupanda tumbo linapokaza na kushuka linapolegea. Kwa hiyo jifungulie mahali penye daktari na mtaalamu wa usingizi, na muongee naye wiki kadhaa kabla, siyo usiku huo. Sindano ya ganzi ya mgongoni inaweza kuzuia presha hiyo, hata kwa sisi tusiosikia maumivu. Kibofu kiwe kitupu muda wote. Muuguzi wa zamu asome ule ukurasa wa kwanza wa daftari kwa sauti, umsikie. Mimi nilifanya hivyo na akaubandika kitandani kwa plasta.

Gari la dharura kwa mama mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga linapatikana kwa kupiga 115 bila malipo, ule mpango wa m-mama. Ukipiga, sema mapema kwamba unatumia kitimwendo ili wajue utapandishwaje.

Na baada ya hapo, uzazi wa mpango na uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi ni vyako pia. Wakisema huwezi kupimwa kwa kuwa miguu haitanuki, waambie inawezekana ukiwa umelala ubavu, goti la juu likishikiliwa na mtu.

Kwa wenzangu wasio wa kitimwendo

Hapa nasema kwa ufupi, wao wenyewe wanajua zaidi. Kiziwi hasikii jina likiitwa foleni, kwa hiyo mapokezi waombwe kumfuata na kumgusa bega, au wamwonyeshe namba. Kuandikiana kunasaidia. Pale Iringa mjini mgahawa wa Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, wahudumu viziwi wanapokea oda kwa karatasi na watu wanakula vizuri. Ila karatasi haitoshi kueleza upasuaji, na wapo viziwi ambao hawakusoma Kiswahili cha kuandika. Tafuta mkalimani wa lugha ya alama kupitia CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, siku kadhaa kabla, na asiwe mtoto wa mgonjwa. Mtoto hatakiwi kumtafsiria mama yake ugonjwa wa uzazi.

Asiyeona aombe dawa ziwekewe alama palepale dirishani, akiwa anazishika: rababendi moja kwenye pakiti ya asubuhi, mbili kwenye ya jioni. Mwenye ualbino achunguzwe ngozi yote mara kwa mara, siyo uso tu, na aulize hospitali ya mkoa kuhusu mafuta ya kukinga jua. Yapo yanayotengenezwa hapahapa nchini, kule hospitali ya KCMC, Moshi.

Mambo yakienda vibaya

Lalamika kwa maandishi na kwa vipimo. "Jengo lenu halifai" haijibiwi. Sisi kwenye zahanati moja tulipima kizingiti cha mlango, sentimita 15. Kanuni ya mteremko wa kitimwendo ni kila sentimita 1 ya kwenda juu iwe na 12 za kwenda mbele, kwa hiyo 15 zinahitaji mita 1.8 za zege. Tukaandika barua ya nusu ukurasa yenye namba hizo, tukaiweka na makadirio ya mifuko ya saruji na mchanga, nakala moja kwa mganga mfawidhi, moja kwa kamati ya zahanati, moja kwa mtendaji wa kata. Kijiji kikachanga mchanga na mawe, saruji ikapatikana, na fundi akamaliza. Wa kwanza kuusifu mteremko ule walikuwa wazee wenye magoti mabovu na mama wenye watoto mgongoni.

Likiwa ni la lugha mbaya au kunyimwa huduma, andika siku, saa na chumba ungali hapohapo. Peleka kwa mganga mfawidhi, na usipojibiwa, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Sheria ya 2010 imeweka pia kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa. Muulize mwenyekiti wa mtaa wako iliyopo ni ipi na inakaa lini. Kama haipo, ombeni iundwe kwenye mkutano wa hadhara ili iingie kwenye muhtasari. SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vyetu, litakuelekeza kwa chama kilicho karibu yako. Barua ya chama ina uzito kuliko ya mtu mmoja, na wewe unabaki na nguvu za kupona.

Ukirudi nyumbani siku hiyohiyo, hata ukiwa umechoka vipi, lala kwa tumbo au ubavu, mtu akukague ngozi kwa tochi, kisha mwandike kwenye daftari: umeandikiwa dawa gani, presha ilikuwa ngapi, mpira umebadilishwa lini na unabadilishwa tena lini. Tarehe ya kurudi kliniki mpigie dereva umwambie usiku huohuo.